Natafuta sanda yenye nguvu: meza ya mvule imenitoa jasho

Mbao_Umoja · Jumapili, saa 3 usiku

Wadau, habari za jioni. Nina karakana ndogo hapa Umoja, Nairobi, mwaka wa nne sasa. Kazi zangu nyingi ni vitanda na kabati za jikoni. Mwezi uliopita nikapata oda ya meza ya kulia, watu wanane, mvule mtupu, uso wa meza futi 8 kwa 3 na nusu. Bei ya mvule mnaijua, sina haja ya kulia hapa.

Nikapiga msasa siku mbili kwa sanda yangu ya inchi 5, wati 240. Ukipitisha kiganja ilikuwa laini kama sahani. Nikapaka vanishi, nikapeleka. Mteja akaiweka karibu na dirisha kubwa linaloangalia mashariki. Kesho yake asubuhi simu: "Fundi, njoo uone." Nikaenda. Jua limeingia kwa kulala, limeteleza juu ya meza, na nikaona viduara. Mamia. Kila kimoja ukubwa wa punje ya ndengu, vimepangana mkia kwa mkia meza nzima. Usiku chini ya taa ya karakana sikuwa nimeona hata kimoja.

Meza imerudi kwangu, nimepewa wiki mbili. Nimeamua hii sanda ni dhaifu. Nataka yenye nguvu, wati 700 kwenda juu. Bajeti elfu 30, nikibanwa 35. Ninunue gani?

Kibokoni_Seremala · saa 3 na dakika 20

Nimeona kichwa "natafuta sanda" nikasema innalillahi, nani tena huyo. Huku Mombasa sanda anavishwa maiti, ndugu yangu. Sema mashine ya msasa, utatuua na presha.

Mbao_Umoja

Hahaha. Marehemu ni meza.

Grinda_Tu · saa 4 usiku

Unajisumbua. Chukua grinda, weka diski ya msasa, nusu saa meza imeisha. Mimi kazi zangu zote hivyo.

MzeeWaRanda · Jumatatu, saa 11 alfajiri

Grinda kwa meza ya kulia? Ile diski inazunguka palepale mara elfu kumi na kitu kwa dakika, na mkono ukiinama kidogo tu umeshachimba bakuli la mchuzi. Ukichonga kiti cha gogo, sawa, hapo nakuunga mkono.

Mbao_Umoja, kabla hujatoa hela nijibu, na usinidanganye maana mimi si mteja wako. Ulianza na msasa namba gani, ukamaliza na ipi, katikati ulipita wapi? Unakandamiza mashine? Vumbi linaenda wapi? Msasa mmoja unautumia kwa muda gani?

Mbao_Umoja · saa 1 asubuhi

Heshima yako mzee. Nilianza na 60 kwa sababu randa iliacha mawimbi. Halafu 220. Nilikuwa na hizo mbili tu dukani... yaani katikati sikupita popote. Nakandamiza, ndiyo, mikono miwili, ndio kazi iende. Kimfuko cha vumbi kilipotea mwaka jana, najifunga leso. Msasa natumia mpaka utoboke.

MzeeWaRanda

Basi umejishtaki mwenyewe. Ngoja nifungue karakana, narudi.

MzeeWaRanda · saa 4 asubuhi

Nimerudi. Hata ungekuwa na mashine ya wati elfu moja ungepata viduara vilevile, ila ungevipata haraka zaidi. Sisi karakana yetu Ngong Road tunaviita vikonokono, na kila kijana anayeanza kazi anavitengeneza.

Sikiliza mashine yako inavyofanya kazi. Injini inashika pedi kando kidogo ya kitovu, kwa hivyo pedi yote inayumba, inachora viduara vidogo vya milimita mbili unusu hivi, maelfu kwa dakika. Wakati huohuo pedi imekaa huru kwenye beringi yake, kwa hivyo inazunguka pia, polepole, kivyake. Huo mzunguko wa pili injini haiulazimishi. Na huo ndio unaofanya punje ya msasa isirudi palepale ilipopita. Sasa wewe ukilala juu ya mashine kwa mikono miwili, mzunguko wa pili unakufa. Pedi inabaki kuyumba tu, kila punje inachimba kiduara chake.

Usiniamini mimi. Chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari mmoja ubavuni mwa pedi. Weka mashine juu ya ubao, washa, angalia mstari. Ukiuona unazunguka, uko sawa. Anza kukandamiza taratibu, utaona unapunguza mwendo, mwisho unasimama. Hapo umeshaanza kuchora konokono. Mashine inataka uzito wake yenyewe na mkono uliolegea, basi. Tena ukikandamiza joto linapanda, zile ndoano za velkro kwenye pedi zinayeyuka, msasa unaanza kuruka wenyewe. Najua wako unaruka.

Sasa namba. Msasa wa P60 punje zake ni karibu milimita 0.27. P220 ni kama 0.07. Wewe umechimba mitaro kwa jembe halafu umekuja kuisawazisha kwa kijiko. P220 yako ilisugua vilima tu, mitaro ya 60 ikabaki chini. Kiganja kinahisi vilima. Jua la asubuhi linaona mitaro. Kwa mvule uliorandwa anza na 80, uende 120, uende 180. Kwa meza ya kupakwa mafuta mimi naishia hapo, kwa vanishi naongeza 220. Kati ya namba na namba futa vumbi lote, maana punje moja ya 80 iliyobaki mezani ukija na 180 itakuchorea mpaka mwisho wa meza.

Utajuaje namba moja imeisha? Penseli. Chora mistari ya ovyo juu ya meza nzima, kama mtoto. Piga mpaka yote ifutike. Badilisha msasa, chora tena. Na punguza haraka: mashine isogee sentimita mbili na nusu kwa sekunde. Kutoka kichwa cha meza hadi upande wa pili, futi 8, ni dakika moja na nusu. Wewe najua unapita kwa sekunde kumi kama unapiga pasi shati la shule.

Jambo la mwisho, meza yako tayari ina vanishi. Usiitoe kwa mashine. Vanishi ikipata joto inalainika, inashikana na msasa, inafanya vidonge, na vidonge hivyo ndivyo baba wa vikonokono. Kwangua kwanza kwa bamba la chuma la kukwangulia, au kipande cha kioo kilichokatwa vizuri kama tulivyofundishwa zamani. Uchi wa mbao ukitokea, ndipo ulete mashine.

Mbao_Umoja · saa 7 mchana

Mzee nimechora ule mstari sasa hivi. Ulisimama. Niliweka mkono kawaida tu, ninavyofanya kila siku, na ulisimama kabisa. Miaka minne!

Dada_Kabati · saa 8 mchana

Mzee kamaliza ya mkono, mimi niongeze ya mfuko, maana hata ukirekebisha mkono bado uso wa futi 8 kwa mashine ya inchi 5 ni kazi ya kuumiza mgongo.

Kosa ni kuangalia wati peke yake. Hizo ni kiasi cha umeme mashine inachokula. Bosch GEX 125-1 AE ni wati 250 tu, Makita BO5041 ni 300, na hizo zote mbili zinafanya kazi ya maana kwenye karakana kubwa kuliko yangu. Angalia kwanza ukubwa wa pedi. Ya milimita 150 ina eneo zaidi ya ya 125 kwa asilimia 44, piga hesabu utaona. Halafu uliza upana wa kuyumba kwa pedi, hiyo milimita mbili unusu aliyoitaja mzee. Zipo za 5 na zaidi. Zinakula mbao haraka, lakini zinaacha viduara vikubwa zaidi, kwa hivyo nzuri kwa kusawazisha, si kwa kumalizia.

Juu ya hizo kuna ukoo mwingine kabisa, zenye swichi ya njia mbili: moja pedi huru kama yako, nyingine pedi inazungushwa kwa gia, na hapo hata ukiegemea haisimami. Makita BO6050, wati 750, myumbo milimita 5.5. Bosch GET 75-150, wati 750 pia. Festool Rotex RO 150, wati 720, hiyo ukiuliza bei kaa chini kwanza. Hapa ndipo wati zina maana, kwa sababu gia inahitaji nguvu. Ukiwa na mawimbi ya randa kwenye mvule, njia ya gia na P80 inayamaliza huku unaimba. Lakini ni kilo mbili na zaidi, wakati ndogo ni kilo moja na kidogo hivi, ni nyepesi. Jaribu kushika hiyo kubwa kwenye ubavu wa kabati iliyosimama dakika kumi, kesho hutainua kikombe.

Dukani fanya hivi. Mwambie aichomeke. Washa ikiwa hewani. Pedi ikikimbia kwa kasi na kulia, breki yake imekufa au haina. Breki ni kile kimpira kinachobana pedi isipae kasi ukiinua mashine. Bila hiyo, kila unapoitua mezani inachimba kwanza ndipo itulie. Kama yako ndivyo ilivyo, itue kwanza, washa baadaye. Hesabu pia matundu ya pedi uone kama msasa wa matundu hayo unapatikana mtaani kwako. Nilinunua moja ambayo mpangilio wake wa matundu haukuwa na msasa wowote niliokuwa nikipata, nikawa natoboa kwa msumari wa moto jioni nzima. Duka lenyewe la katikati ya jiji liliniambia "matundu ni matundu, madam."

Kijana_wa_Gikomba · saa 12 jioni

Kabla hujaenda kutafuta za mtumba kutoka Uingereza, niulize mimi. Nilipata moja kubwa, inchi 6, haijachoka hata kidogo, bei nusu. Plagi yake ilikuwa ya njano, ya mviringo. Muuzaji akasema "toa hiyo weka ya kawaida." Nikatoa, nikaweka ya kawaida. Nikawasha. Ililia kama inaenda mwezini, sekunde tatu, halafu moshi mweupe na harufu ya samaki aliyeungua. Vijana wa kibanda cha pili walipiga makofi.

Ile njano maana yake ni volti 110. Uingereza majumbani ni 230 kama sisi tulivyo na 240, lakini kwenye mijengo yao wanatumia 110 kupitia transfoma ili mtu akikata waya asife. Kwa hivyo vifaa vingi vya mjengo vinavyokuja huku ni vya hivyo. Za Marekani nazo ni 120. Soma kibati cha mashine, usisome mdomo wa muuzaji. Kama ni 110 na bado unaipenda, nunua transfoma yenye uwezo kuzidi wati za mashine, na ujue ni mzigo wa kubeba.

Grinda_Tu

Sekunde tatu za wati nyingi sana lakini 😂

Kijana_wa_Gikomba

Cheka tu. Elfu tisa zangu.

Dada_Kabati

Pole mdogo wangu. Na hata mashine halali ya 240 usiilishe kwa ekstensheni nyembamba ya mita thelathini iliyofungwa kama mviringo wa kamba. Umeme unafika umechoka, injini inapata joto, na waya uliokunjwa unayeyuka. Ufungue wote.

Kibokoni_Seremala · Jumanne, saa 2 asubuhi

Na za betri je? Huku stima ikienda tunakaa tu kutazama bahari.

Dada_Kabati

Nzuri kwa kazi za kwa mteja, ngazi, milango. Kwa uso wa meza kubwa utabadilisha betri mpaka uchoke. Mashine ya msasa haipumziki kama dreli.

Seremala_Bila_Kidole · Jumanne, saa 6 mchana

Nimesoma wote, hakuna aliyemgusa huyu bwana kuhusu leso.

Ndugu, leso haizuii kitu. Vumbi linaloonekana si tatizo kubwa, hilo linaanguka na unalipiga chafya. Lile jembamba lisiloonekana ndilo linaloingia mapafuni, na mashine hii inatengeneza hilo hasa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995, saratani ya pua. Na mvule una ukali wake: mimi macho yanavimba, ngozi ya mkono inawasha, kifua kinabana usiku. Mwenzangu anafanya mvule mwaka mzima hasikii lolote. Inategemea mwili, na mwili unaweza kugeuka siku moja bila kukuaga.

Nunua barakoa ya N95 au FFP2, inayobana puani. Na tafuta mashine ya kufyonza vumbi, hata ile ya kufyonza maji na takataka, uunganishe mpira wake nyuma ya sanda (samahani Kibokoni). Kama mdomo haulingani, kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kiviringishe, funga. Mimi nimepitisha kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, mpira unaingia kwa ubavu ili hewa izunguke, vumbi linabaki ndooni, mfuko wa mashine hauzibi. Faida ya pili ndiyo itakayokufurahisha: vumbi likiondoka, hakuna vidonge chini ya pedi, msasa unadumu, vikonokono vinapungua zaidi ya nusu. Hiyo ni hesabu yangu ya macho, si ya maabara.

Kidole changu hakikukatwa na mashine ya msasa, msiulize.

MzeeWaRanda · Jumanne usiku

Bwana wa kidole amesema kweli, na niliona aibu kwamba nilisahau. Vijana wangu nimewanunulia barakoa leo.

Umesema mvule, nikakumbuka. Mvule huwa na vijiwe ndani, chokaa nyeupe ngumu ambayo mti unaweka mahali ulipojeruhiwa. Ukiona doa jeupe gumu kwenye mbao, lichimbue kwa ncha ya patasi kabla ya msasa. Kikimeguka chini ya pedi utadhani umemwaga kokoto. Na kinaua randa vilevile, labda ndiyo sababu randa yako iliacha mawimbi.

Mbao_Umoja

Mzee kipo! Upande wa kushoto, kama punje ya mahindi. Nilidhani ni gundi.

Plaiwudi_Mwiki · Jumatano

Samahani kuvamia uzi. Hii habari ya 80, 120, 180 nimeijaribu kwa blokibodi yenye ngozi (lile ganda jembamba la juu) ya mahogani, imetoboka hadi ndani.

Dada_Kabati

Ndugu, ile ngozi haifiki hata milimita moja. Huko unaingia na 180 moja kwa moja, kwa mkono, ukifuata nyuzi, na kwenye kingo unashika pumzi. Hiyo iliyotoboka paka rangi, iwe kabati ya rangi. Haina dawa nyingine.

Mbao_Umoja · Jumapili iliyofuata, saa 4 usiku

Ripoti.

Nimekwangua vanishi kwa kioo, siku nzima, mikono imekufa ganzi. Nikabadilisha pedi ya sanda yangu ileile ya zamani, maana velkro ilikuwa imeyeyuka katikati kama mzee alivyobashiri. Nikaazima mashine ya kufyonza vumbi kwa jirani anayeosha magari. Mpira wa baiskeli umeshika vizuri sana.

Mawimbi yalinisumbua. Nikaazima ile kubwa ya gia kwa fundi mmoja Kariobangi Light Industries, mia tano kwa nusu siku, P80, saa moja na nusu uso wote umelala. Nikairudisha. Kuanzia 120 nikashika yangu. Penseli, msasa, kufuta, penseli. Nilikuwa naangalia ule mstari wa wino ubavuni mwa pedi muda wote, na kila ninapoanza kuwaza kodi ya nyumba naona unapunguza mwendo, kumbe mkono unakandamiza wenyewe.

Baada ya 180 nikazima taa zote, nikalaza tochi ya simu juu ya meza. Viwili tu, karibu na kona. Nikafuta na thina kidogo ili nione vizuri, na vikajitokeza kama vimeitwa. Nikaacha thina ikauke kabisa kabla ya kuwasha chochote, maana ile injini inatoa cheche, inaonekana ukichungulia matundu yake. Kisha 180 kwa mkono, kwa kufuata nyuzi, halafu 220.

Leo nimepeleka, saa mbili asubuhi makusudi. Mteja akafungua pazia yeye mwenyewe. Akainama upande huu, akainama upande ule. Mama yake akaja na chai, akapitisha kiganja, akasema "hii ndiyo ile ile?" Wakanimalizia salio.

Ile elfu 30 bado ninayo. Nafikiria nusu iende kwa mashine ya kufyonza vumbi na barakoa, nusu ikae ikingoja ya gia.

Grinda_Tu

Basi hiyo ndogo niuzie mimi.

Mbao_Umoja

Siuzi.